Simulizi ya Kidijitali ya Mtaa wa Utotoni: Ni Nini, na Ubishi Wake Unatoka Wapi

Mtu akiweka mtandaoni picha ya zamani ya mtaa aliokulia, haupiti muda mrefu kabla waliokua naye hawajajaa hapo. Mmoja anaonyesha mlango uliokuwa wa kwao. Mwingine anauliza yule mzee aliyekuwa akiwafukuza watoto ukutani yuko wapi siku hizi. Halafu unazuka ubishi: ukuta ulikuwa mweupe au wa kijani? Mti ulikatwa kabla ya familia ile kuhama, au baada? Watu wazima wenye akili timamu wanaapa kila mmoja kwa anachokikumbuka, na hakuna anayedanganya.

Katika mazungumzo hayohayo hutajwa simulizi za kidijitali, na hapo mkanganyiko unaongezeka. Wapo wanaodhani kila picha ya zamani yenye maneno mawili chini yake ni simulizi ya kidijitali. Wapo wanaoamini kuwa hiyo ni kazi ya wenye studio, kamera kubwa na mafunzo ya filamu, kwa hiyo haiwahusu. Dhana ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawanyamazisha watu wenye mengi ya kusimulia, na wakinyamaza muda mrefu mno, mtaa wao unaondoka nao.

Kwa maana waliyoitumia waanzilishi wake, simulizi ya kidijitali ni hadithi fupi ya kweli, mara nyingi ya dakika mbili hadi tano, inayosimuliwa na yule aliyeiishi, kwa sauti yake mwenyewe, huku picha chache zikipita kwenye skrini. Zinaweza kuwa picha za zamani, michoro, ramani iliyochorwa kwa mkono au kipande kidogo cha video. Muziki unaweza kuwapo au usiwepo. Sauti ya mwenyewe haikosi. Ukiondoa sauti hiyo unabaki na albamu. Ukiweka sauti ya mtangazaji unapata makala ya televisheni. Zote zina thamani yake, ila ni vitu vingine.

Usanii huu ulianza California mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msanii Dana Atchley alikuwa akipanda jukwaani na kusimulia maisha yake huku picha na video za familia yake zikionekana kwenye skrini. Watazamaji walitaka kujua kama nao wangeweza kufanya vile. Yeye, pamoja na Joe Lambert na Nina Mullen, wakaanza kuendesha warsha, na mwaka 1994 wakafungua kituo San Francisco. Kituo hicho baadaye kilihamia Berkeley kwa jina la Center for Digital Storytelling, na tangu 2015 kinaitwa StoryCenter. Warsha zao zilizozoeleka zilikuwa za siku tatu: mtu anaingia na picha zake na wazo, anatoka na filamu fupi aliyoitengeneza mwenyewe. Huko Wales, BBC na Chuo Kikuu cha Cardiff waliendesha mradi wa Capture Wales kuanzia 2001 hadi 2008, mpiga picha Daniel Meadows akiwa miongoni mwa walioubuni, na walioketi mbele ya kompyuta za mradi huo wengi wao hawakuwa wamewahi kuhariri chochote. Kwa hiyo anayesema jambo hili ni la wataalamu ameligeuza kichwa chini. Lilibuniwa kwa ajili ya wasio wataalamu.

Kuna ndugu yake wa karibu ambaye watu humchanganya naye, yaani historia simulizi. Huko kuna muulizaji na mjibu, na mahojiano yanaweza kuchukua saa nyingi na kuhifadhiwa karibu yalivyo. StoryCorps, iliyoanza mwaka 2003 katika kituo cha treni cha Grand Central jijini New York, iliweka watu wawili wanaofahamiana ndani ya kibanda wakazungumza kwa dakika 40 hivi, na rekodi zake huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukimrekodi shangazi yako akizungumza mchana kutwa kuhusu mtaa, hiyo ni historia simulizi. Ukichagua jambo moja, ukaliandika, ukalisoma kwa sauti yako na kulipangia picha, hiyo ndiyo simulizi ya kidijitali. La kwanza linaweza kulilisha la pili, na natamani lingefanya hivyo mara nyingi zaidi.

Kwa nini mahali hufungua kumbukumbu

Mwambie mtu akusimulie utoto wake, na mara nyingi atakwama. Mwambie atoke kwenye mlango wa nyumba yao ya zamani, ageuke kushoto, halafu akuambie anaona nini, na maneno yatamiminika. Hilo lina sababu ndani ya ubongo.

Sehemu inayoitwa hipokampasi, iliyo ndani kidogo ya ubongo usawa wa masikio, hushughulikia kazi mbili ambazo kwa haraka hazionekani kuhusiana: kujua uko wapi, na kukumbuka yaliyokupata. Mwaka 1971 mwanasayansi John O'Keefe alieleza seli za panya katika sehemu hiyo zinazotoa ishara pale tu mnyama anapofika mahali fulani. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, pamoja na wenzao, wakagundua katika sehemu jirani seli nyingine zinazougawa uwanja mzima kwa umbali unaojirudia. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Binadamu aliyeharibika hipokampasi hupata shida ya kukariri njia mpya, na hupata shida pia ya kushika matukio mapya ya maisha yake. Mahali na tukio vinahifadhiwa kwa msaada wa sehemu ileile.

Kwa hiyo kabla ya kufungua programu yoyote, chukua karatasi uchore ramani ya mtaa wako. Usijali vipimo. Weka nyumba yenu, njia uliyopita kwenda shule, mahali mlipochezea, mahali ulipoogopa kupita jioni. Andika majina ya watu palepale walipoishi. Nimeona watu waliosema hawakumbuki chochote wakijaza karatasi hiyo pande zote mbili.

Harufu nayo ina nguvu ya peke yake. Hisi nyingine hupitia kwanza kituo cha ubongo kinachoitwa thalamasi, lakini harufu huyafikia kwa njia fupi zaidi maeneo yanayohusika na hisia na kumbukumbu. Hakuna faili inayoweza kubeba harufu. Itabidi uiseme kwa maneno, na sentensi hiyo moja huenda ikawafikia waliokua nawe kuliko picha zote.

Ubishi wa rangi ya ukuta

Hapa ndipo pana uzito zaidi, na ndipo watu hukosana bure. Wengi wetu tunaamini kumbukumbu huwekwa kichwani mara moja na kutolewa ikiwa vilevile. Utafiti wa karibu miaka mia moja unasema vingine. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo Waingereza walisoma ngano ya watu wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha wakaisimulia tena na tena. Mambo mageni kwao yalipungua au yakabadilishwa kuwa ya kawaida. Mitumbwi ikawa mashua. Hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakiijenga hadithi upya kwa vifaa walivyokuwa navyo.

Kukumbuka kunafanana na kazi ya fundi cherehani aliyeletewa vazi lilelile kila mwaka. Kila mara analifumua, anabadilisha kipande kilichochakaa kwa kitambaa kinachokaribia rangi yake, analishona tena. Baada ya miaka 30 vazi linakukaa vizuri kabisa, lakini si rahisi kuonyesha kipi ni kitambaa cha kwanza.

Kujiamini nako si ushahidi. Asubuhi iliyofuata mlipuko wa chombo cha anga Challenger, Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwataka wanafunzi waandike walivyopata habari hiyo: walikuwa wapi, na nani, wakifanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye wanafunzi 44 miongoni mwao waliulizwa tena. Robo yao hawakupatia hata jambo moja kati ya yale makuu waliyokuwa wameyaandika kwa mkono wao, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa. Kisha mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 masimulizi ya utotoni yaliyotoka kwa jamaa zao, likiwemo moja la kubuni kuhusu kupotea katika jengo la maduka. Takriban robo walikuja "kulikumbuka" tukio hilo, kwa ukamilifu au kwa sehemu.

Ongeza na hili: watu wazima wengi hawana kumbukumbu za kweli za kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Ukiwa na picha kamili kichwani ya siku mliyohamia mtaani, na ulikuwa na mwaka mmoja, yamkini umeijenga kutokana na picha za albamu na masimulizi ya wakubwa.

Je, hii ina maana simulizi za utotoni ni uongo mtupu? Hapana, na wanaotumia tafiti hizi kuwanyamazisha wazee wao wanazitumia vibaya. Kiini cha jambo mara nyingi hubaki. Kinachoyeyuka ni rangi, tarehe, na nani alisema nini. Kinachohitajika ni uaminifu katika kusema. Kuna tofauti kubwa kati ya "ukuta ulikuwa wa kijani" na "mimi naukumbuka ukuta wa kijani". Kuna tofauti kati ya "niliona" na "mama alinisimulia". Msimulizi akizitunza tofauti hizo ndani ya maneno yake, hadithi haipungui ladha hata kidogo, na msikilizaji anajua ashike wapi.

Mwanasosholojia Mfaransa Maurice Halbwachs aliandika tangu mwaka 1925 kwamba mtu hukumbuka akiwa ndani ya kundi: familia, majirani, wenzake. Mtaa ndio mfano bora wa hoja yake. Mtoto wa nyumba ya mwanzo na wa nyumba ya mwisho walikulia mtaa mmoja kwa jina tu. Mmoja alikatazwa kupita njia ambayo kwa mwenzake ilikuwa uwanja wa kuchezea. Wakibishana, jibu zuri ni kumwomba kila mmoja atengeneze simulizi yake, kisha ziwekwe pamoja bila hukumu. Pale zinapotofautiana ndipo utagundua nani alikuwa na uhuru gani, na nani alikuwa anaogopa nini.

Jambo moja tu

Kosa la kawaida ni kutaka kuuingiza mtaa wote ndani ya dakika tatu. Lambert na wenzake waliorodhesha vipengele saba vya simulizi nzuri; kwa maoni yangu viwili vinatosha kukufikisha: swali na ufupi. Swali maana yake hadithi iwe na kitu ambacho msikilizaji anangoja kukijua. "Nilikulia mtaa wenye watu wengi" haimngojeshi mtu. "Kulikuwa na lango moja ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulivuka, na nilipolivuka nilielewa kwa nini" inamngojesha. Lango hilo litawaleta majirani wote unaotaka kuwataja, bila kuwaorodhesha.

Kuhusu ufupi, warsha hizo za Kiingereza hupendekeza andiko la maneno 250 hadi 375. Maneno ya Kiswahili ni marefu zaidi, kwa hiyo anza na 200 hadi 280, lisome kwa sauti huku ukipima muda, kisha ukate. Picha 10 hadi 15 zinatosha. Na usilieleze lile ambalo picha tayari inalionyesha: picha ikionyesha ngazi, sauti ituambie nani aliketi hapo.

Vifaa ni jambo dogo. Simu janja inatosha. Rekodi sauti katika chumba kidogo chenye mapazia, nguo au godoro, kwa sababu vitambaa hunyonya mwangwi. Weka simu kwenye hali ya ndege na iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Picha za karatasi zipigie karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja wala mweko (flashi) wa kamera. Ukipata skana, nukta 600 kwa inchi zinafaa kwa picha ndogo.

Neno moja kuhusu akili unde (AI), kwa kuwa sasa inatumika kila mahali. Programu inayopaka rangi picha nyeusi na nyeupe haijui ukuta ulikuwa wa rangi gani; inakisia kwa kutazama mamilioni ya picha nyingine. Tangu 2021, tovuti ya kutafuta ukoo ya MyHeritage ilipotoa huduma ya kuzifanya sura za kwenye picha zipepese macho na kutabasamu, watu wengi wameliona tabasamu la babu ambalo babu hakulitoa. Ukikumbuka jaribio la Loftus, utaona hatari: rangi hiyo ya kukisia, ikitazamwa mara nyingi, itakuwa ndiyo rangi "tunayoikumbuka". Ukiitumia, iandike wazi, na picha asili uihifadhi.

Kumbukumbu ni zangu, lakini majirani je?

Watu husema: ni maisha yangu, nitasimulia nitakacho. Ni kweli kwa upande wako. Lakini simulizi ya mtaa haina mtu mmoja. Jirani aliyekuwa mlevi wakati ule ana watoto ambao leo ni watu wazima, nao watatambulika hata usipomtaja jina, kwa sababu wasikilizaji wako wa kwanza ndio haohao waliokuwa mtaani. Kipimo ninachokitumia ni kujiuliza kama ningeweza kuisoma sentensi hiyo mbele yake au mbele ya watoto wake. Nisipoweza, naiandika upya kwa namna inayonihusu mimi: nilichoogopa, nilichojifunza. Watoto wenzako walio kwenye picha sasa wana sauti, waombe ridhaa. Na mtu aliyekubali kurekodiwa hajakubali bado kusambazwa. Hizo ni ridhaa mbili.

Picha yenyewe inaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Kumiliki karatasi hakukupi hakimiliki. Kwa kawaida hiyo ni ya mpiga picha au warithi wake, kwa muda unaotofautiana kati ya nchi na nchi. Muziki ni vivyo hivyo, hata ule uliokuwa ukipigwa mtaani kwenu kila siku. Tumia wenye leseni huria, au uache kimya kifanye kazi yake.

Halafu kuna suala la usalama ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ulikulia mtaa gani? Shule yako ya kwanza iliitwaje? Rafiki yako wa utotoni ni nani? Maswali haya ndiyo ambayo akaunti nyingi zimekuwa zikiuliza mtu anaposahau nywila. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017 ilikataza kuwahimiza watumiaji kutumia taarifa za namna hiyo kuwa siri ya kuingilia, lakini akaunti za zamani bado zinazo. Kabla hujaposti, badilisha majibu hayo yawe maneno yasiyo ya kweli unayoyajua wewe tu. Pia, simu yenye huduma ya mahali iliyowashwa huandika ndani ya faili ya picha mahali ilipopigwa. Ukiwa sebuleni unapiga picha ya picha ya zamani, taarifa hiyo fiche haitaji mtaa wa utotoni. Inataja nyumba unayoishi leo. Zima huduma hiyo ya mahali kwanza.

Kupakia si kuhifadhi

Husemwa kwamba kilichoingia mtandaoni hakifutiki. Kwa jambo unalotamani lifutike, huenda. Kwa jambo unalotaka libaki, usiitegemee kauli hiyo. Miaka ya 1990 GeoCities iliwapa watu kurasa za bure, zikapangwa katika "mitaa", kila mtaa na mada yake. Yahoo iliifunga Oktoba 2009, na ni juhudi za watu wa kujitolea na hifadhi kama Internet Archive zilizookoa sehemu yake. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Mwaka huohuo Myspace ilikiri kwamba faili nyingi za muziki, picha na video zilizopakiwa hadi 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Tena mitandao mingi hubana video unapoipakia, kwa hiyo nakala utakayoipakua baadaye ni hafifu kuliko uliyoweka.

Kanuni ya watunza kumbukumbu inafaa hata nyumbani: nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa mfano moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje aliyonayo ndugu anayeishi mbali, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hifadhi video iliyokamilika, lakini pia faili ya sauti peke yake na picha moja moja, kwa kuwa programu ya kuhariri unayoitumia leo huenda isifunguke baada ya miaka 15.

Ndani ya folda hiyo weka faili moja ya maandishi ya kawaida: nani anasimulia, alirekodiwa lini, picha ya ngapi ni ya nani na ilipigwa na nani, waliotoa ridhaa na waliyokubali, kipi msimulizi alikiona mwenyewe na kipi aliambiwa. Na kama mtaani kwenu bado yupo mzee anayejua majina ya nyumba zote, anza na sauti yake kabla ya kazi ya picha, hata kama bado hujui utaitumiaje. Picha nyingi za mtaa wenu pengine zipo pia katika albamu ya mtu mwingine.